Kukiri Kosa, Kisha Kukana: Njia ya Rufaa Katika Mahakama za Eldoret

Katika mahakama za mahakimu mjini Eldoret, kama ilivyo katika mahakama nyingine za chini nchini Kenya, si kesi chache za jinai zinazomalizika siku ile ile zinapoanza, kwa sababu mshtakiwa husomewa mashtaka, hujibu kwamba ni kweli, husikiliza maelezo mafupi ya kiongozi wa mashtaka, kisha hutiwa hatiani na kupewa adhabu bila shahidi hata mmoja kuapishwa. Kesi ya namna hiyo huenda ikachukua dakika chache tu, lakini matokeo yake, yaani rekodi ya uhalifu, faini au kifungo, humwandama mtu kwa miaka mingi, na mara nyingi huwa ni baada ya kufika gerezani, au baada ya jamaa zake kupata nafasi ya kuzungumza na wakili, ndipo mtu huyo anapotamani kulirudisha neno lake. Sheria haijamfungia mlango kabisa mtu wa aina hiyo, ila imeufanya mlango huo kuwa mwembamba sana, na upana wake hautegemei majuto yake wala uzito wa maelezo anayoyatoa baadaye, bali hutegemea yale ambayo hakimu aliyaandika kwa mkono wake siku ya kwanza.

Msingi wa jambo hili umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambayo ni Sura ya 75 ya sheria za Kenya. Kifungu cha 207 kinaagiza kwamba kiini cha shtaka kielezwe kwa mshtakiwa, kisha aulizwe kama anakubali au anakana. Akikubali, maneno yake yaandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyatamka mwenyewe, na akikataa kujibu, mahakama imwandikie kwamba amekana. Kifungu cha 348 cha sheria hiyo hiyo ndicho kinachowashtua wengi, kwa maana kinasema kwamba mtu aliyekiri kosa na kutiwa hatiani kwa kukiri huko katika mahakama ya chini hana rufaa, isipokuwa kuhusu kiasi cha adhabu au uhalali wake. Sababu ya kuwekwa kwa kizuizi hicho inaeleweka: aliyekubali kwa hiari na kwa ufahamu kwamba alitenda kosa hana hoja ya ushahidi ya kupeleka mbele ya Mahakama Kuu, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi uliotolewa, na mahakama zisingeweza kufanya kazi iwapo kila aliyepewa adhabu asiyoitarajia angeruhusiwa kuanza upya.

Hata hivyo, kizuizi hicho kinasimama juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa ndani ya kifungu chenyewe, nalo ni kwamba kukiri kwenyewe kuwe kukiri kweli. Mwaka 1989, katika kesi ya Olel dhidi ya Jamhuri, ilielezwa kwamba, pale kukiri kunapokuwa hakuna utata, kifungu cha 348 hakiiwekei mipaka tu haki ya kupinga hatia kwa rufaa, bali kinaizuia kabisa. Ikiwa maneno ya mshtakiwa hayakuwa na utata, hukumu ya hatia haiguswi, lakini ikiwa yalikuwa na utata, basi kilichofanyika mbele ya hakimu hakikuwa kukiri hata kidogo, na kizuizi hakina kitu cha kukizuia. Wanasheria huita hali ya kwanza kukiri kusiko na utata, na hali ya pili kukiri kwenye utata, na karibu kila rufaa ya aina hii inayofika Mahakama Kuu ya Eldoret huzunguka juu ya swali la ni ipi kati ya hizo mbili iliyotokea.

Kipimo kinachotumika kujibu swali hilo kilitolewa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Mahakama hiyo ilitoweka pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977, lakini maneno yake katika shauri hilo yangali yakirejelewa na majaji wa Kenya hadi leo. Ilielekeza kwamba shtaka na kila kiungo cha kosa vielezwe kwa mshtakiwa katika lugha yake au lugha anayoielewa. Kwamba majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kwamba, akiwa amekubali, upande wa mashtaka utoe papo hapo maelezo ya mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, kuyafafanua au kuyaongezea. Na kwamba, akipinga jambo lolote au akizusha shaka yoyote juu ya hatia yake, jibu hilo liandikwe na kukiri kwake kubadilishwe kuwe kukana. Ni baada ya hatua hizo zote kupita ndipo anapotiwa hatiani, na ndipo mambo yanayohusu adhabu yanaposikilizwa.

Mpangilio huo una jambo moja ambalo msomaji wa sheria anaweza kulipita bila kulitambua. Kifungu cha 207, kikisomwa peke yake, kinaonekana kuruhusu maelezo ya kesi yatolewe baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani, kana kwamba maelezo hayo ni ya kumsaidia hakimu kupima adhabu tu; uamuzi wa Adan uliyatanguliza, ukayafanya kuwa kichungio cha pili, kwa kuwa mtu anaweza kukubali jina la kosa bila kukubali matendo yanayolijenga. Wazo hilo halikuwa geni, maana tangu mwaka 1942, katika kesi ya Egalu iliyotoka Uganda, mahakama iliyotangulia ile ya 1973 ilikuwa imesisitiza kwamba mshtakiwa aelezwe kila sehemu ya kosa na aulizwe kama anaikubali sehemu hiyo. Kinachosikitisha ni kwamba, baada ya zaidi ya miongo 8, rufaa bado zinafaulu kwa sababu zile zile.

Mfano wa wizi unaonyesha vizuri jinsi utata unavyozaliwa. Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63, inaeleza katika kifungu cha 268 kwamba mwizi ni mtu anayechukua kitu kwa nia ya udanganyifu na bila dai la haki. Sasa mchukulie kijana wa mtaa wa Langas anayeshtakiwa kwa kuiba simu ya mwajiri wake, naye akajibu mahakamani kwamba ni kweli aliichukua, lakini aliishika kwa sababu mwajiri huyo hakumlipa mshahara wa miezi miwili. Kwa masikio ya kawaida, kijana amekubali. Kwa masikio ya sheria, amekana, kwa kuwa sehemu ya pili ya jibu lake inasema kwamba aliamini ana haki, na imani hiyo ikiwa ya kweli huuondoa wizi. Hakimu mwangalifu ataandika jibu zima na kuingiza kukana, ilhali hakimu mwenye haraka, aliye na mafaili mengi mezani, anaweza kuandika kwamba mshtakiwa amesema ni kweli na kuliacha lililobaki, na hapo ushahidi pekee ambao ungemwokoa mrufani huyo utakuwa umepotea kabla wino haujakauka.

Suala la lugha lina uzito wa pekee katika mji kama Eldoret. Mji huu, uliojulikana na wengi kwa jina la Sisibo tangu zama za walowezi na uliopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, ni kitovu cha Kaunti ya Uasin Gishu na cha biashara ya eneo lote la kaskazini ya Bonde la Ufa, na mahakamani huletwa wasemaji wa Kinandi, Kikeiyo, Kibukusu, Kikikuyu, Kijaluo, Kiturkana, Kisomali na lugha nyingine nyingi. Kifungu cha 198 cha Sura ya 75 kinasema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, huku Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 ikimhakikishia mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi msaada wa mkalimani bila malipo. Kwa kawaida karani wa mahakama ndiye anayesoma shtaka kwa Kiswahili, ingawa hati yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na hakimu huandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza, kiasi kwamba neno alilolisema mshtakiwa hupita katika vinywa na kalamu za watu wawili kabla ya kufika katika faili. Mahakama za rufaa zimelalamika mara kwa mara juu ya kumbukumbu zinazotaja Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, zikitenganishwa kwa mstari wa mshazari, bila kueleza ni ipi kati ya lugha hizo iliyotumika kwa mshtakiwa, wala kama kulikuwa na mtu aliyemtafsiria bibi mzee aliyeletwa kwa kosa la kupika chang'aa ilhali anazungumza Kikeiyo peke yake.

Mtu aliyekiri na kujuta mapema ana nafasi ambayo watu wachache wanaijua, nayo ni kubadili jibu lake kabla ya adhabu kutolewa. Mwaka 1969 Mabwana wa Sheria wa Uingereza waliamua, katika shauri lililotoka Manchester, kwamba hakimu hamalizi kazi yake kwa kumtia mtu hatiani, bali huimaliza anapotoa adhabu, na kwa hiyo hadi wakati huo ana uwezo wa kumruhusu mshtakiwa aondoe kukiri kwake. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliufuata mkondo huo mwaka 1973 katika kesi ya Kamundi dhidi ya Jamhuri. Uwezo huo ni wa hiari ya mahakama, wala si haki inayodaiwa kwa nguvu, lakini ni hiari inayopaswa kutumiwa kwa misingi ya haki, na mshtakiwa anayeeleza kwamba hakuelewa shtaka, au kwamba alitishwa, au kwamba alidanganywa kuwa ataachiliwa, anastahili kusikilizwa kwa makini. Mahakama za shirikisho za Marekani zina mpangilio unaofanana na huo, kwani kabla ya adhabu mtu anaweza kuondoa kukiri kwake akionyesha sababu ya haki na ya busara, lakini baada ya adhabu hana budi kupitia rufaa au maombi maalumu.

Nafasi hiyo huwa pana zaidi pale hakimu anapoahirisha adhabu ili apate ripoti ya ofisa wa probesheni, yaani ofisa anayechunguza mwenendo na mazingira ya nyumbani ya mtu aliyetiwa hatiani. Katika siku hizo za kusubiri, mshtakiwa hukutana, pengine kwa mara ya kwanza, na mtu wa serikali anayemuuliza mambo yalivyokuwa na kumsikiliza hadi mwisho, na si ajabu ripoti hiyo ikarudi mahakamani ikiwa na sentensi inayosema kwamba mhusika anakana kutenda kosa. Hali kama hiyo hutokea pia wakati wa kuomba apunguziwe adhabu, mtu anapoomba msamaha huku akisema hakujua kwamba ng'ombe aliowachunga walikuwa wa wizi, jambo ambalo, katika shtaka lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 14 kama ilivyo kwa wizi wa mifugo, si ombi la huruma bali ni kukana kiungo cha kosa. Hakimu anayesoma au kusikia maneno hayo hapaswi kuendelea na adhabu kana kwamba hayakusemwa, bali anatakiwa kusimama, kuuliza na kubadili kumbukumbu, na kwa busara kesi ikapelekwa kwa hakimu mwingine ambaye hajasikia kukiri kule kwa kwanza.

Kwa nini mtu akiri jambo asilolifanya? Jibu halihitaji utafiti wa mbali. Aliyeshindwa kulipa dhamana anajua kwamba kukana kutamrudisha rumande kwa miezi mingi akisubiri mashahidi, na kwamba kosa lenyewe pengine lina faini ndogo au kifungo kifupi kuliko kusubiri huko. Wenzake wa selo humshauri akubali yaishe, na wakati mwingine ushauri huo hutoka kwa mtu aliyemkamata. Ibara ya 50 inamtaka mshtakiwa aelezwe upesi haki yake ya kuwa na wakili, na inaamuru serikali imgharimie wakili huyo iwapo kukosekana kwake kutaleta dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda taasisi ya kuitekeleza ahadi hiyo. Pamoja na hayo, washtakiwa wa makosa ya kawaida wanaendelea kusimama peke yao, na sheria inawataka wao, walio dhaifu kuliko wote chumbani, watambue papo hapo ni kiungo gani cha kosa wanachokikana. Kwa makosa mazito, hasa yale ya adhabu ya kifo, mahakama za rufaa zimeongeza tahadhari, zikitaka kumbukumbu zionyeshe kwamba mshtakiwa alionywa waziwazi juu ya matokeo ya kukiri. Ingekuwa haki zaidi iwapo onyo hilo lingetolewa kwa kila kosa lenye kifungo, kwani halichukui zaidi ya dakika moja.

Adhabu ikishatolewa, hakimu amekwisha maliza kazi, na mlango unaobaki ni Mahakama Kuu. Sababu zinazokubalika za kupinga hatia iliyotokana na kukiri zilijumlishwa na Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 1983 katika kesi ya Mpinga, kwa kufuata uamuzi wa Uingereza wa mwaka 1923 katika kesi ya Forde, na mahakama za Kenya huzitumia vile vile: kwamba jibu la mshtakiwa lilikuwa pungufu au lenye utata, kwamba alikiri kwa kukosea au kwa kutoelewa, kwamba shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalojulikana na sheria, au kwamba maelezo aliyoyakubali, hata yakichukuliwa yote kuwa kweli, hayakutosha kisheria kumtia hatiani. Sababu ya mwisho hufaulu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa mfano katika mashtaka ya kunajisi mtoto chini ya Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006, ambamo umri ndio unaoamua kiwango cha kifungo, iwapo maelezo yaliyosomwa hayakuutaja umri huo wala kuonyesha cheti au hati nyingine inayouthibitisha. Kinyume chake, mrufani anayesema tu kwamba alidhani angepewa adhabu nyepesi, au anayeleta kwa mara ya kwanza hadithi ambayo haina alama yoyote katika kumbukumbu, kwa kawaida hushindwa.

Rufaa inatakiwa iwasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu adhabu itolewe, kwa mujibu wa kifungu cha 349, ingawa Mahakama Kuu inaweza kuipokea baadaye kwa sababu nzuri, na inalazimika kuipokea ikiwa kuchelewa kulitokana na mrufani kukosa nakala ya hukumu na ya kumbukumbu ndani ya muda wa kuridhisha baada ya kuziomba. Jaji anaweza kuitupa rufaa isiyo na msingi bila kuisikiliza, na anaweza pia kumpa mrufani dhamana akisubiri, japokuwa uamuzi wa Jivraj Shah wa mwaka 1986 unataka pawe na hali isiyo ya kawaida inayoonyesha kwamba ni haki kufanya hivyo, hasa dalili kubwa kwamba rufaa itafaulu. Sharti hilo huwaumiza waliofungwa miezi 6 au pungufu, kwani huenda wakamaliza kifungo kabla ya siku ya kusikilizwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu anaweza kwenda Mahakama ya Rufaa, ambayo nayo huketi Eldoret, lakini huko hoja za sheria peke yake ndizo zinazosikilizwa, na ukali wa adhabu hauhesabiwi kuwa hoja ya sheria.

Wengi hudhani kwamba kushinda rufaa ya namna hii ni kwenda nyumbani. Kwa kawaida sivyo, kwa sababu jaji aliyegundua kwamba kukiri kulikuwa na utata hajasikia ushahidi wowote wa kumwondolea mrufani shutuma, na kwa hiyo mara nyingi hufuta hatia na adhabu, kisha huamuru asomewe mashtaka upya mbele ya hakimu mwingine. Kanuni iliyotolewa katika kesi ya Fatehali Manji mwaka 1966 ni kwamba kesi huanzishwa upya pale tu iliyotangulia ilipokuwa haramu au yenye kasoro, na pale haki inapodai hivyo, si kwa ajili ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake; na jaji huangalia pia muda ambao mrufani amekwisha kaa gerezani na kama mashahidi bado wanapatikana. Aliyetumikia sehemu kubwa ya kifungo chake ana matumaini ya kuachiliwa moja kwa moja, lakini si ya uhakika.

Anayepinga adhabu pekee naye anapaswa kujua mipaka yake. Mahakama Kuu huingilia adhabu iliyo haramu, iliyo kali kupita kiasi, au iliyotolewa kwa kufuata kanuni isiyo sahihi, na ina uwezo wa kuiongeza, ndiyo maana majaji humwonya mrufani kwanza pale adhabu aliyopewa inapokuwa chini ya ile iliyowekwa na sheria. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba adhabu za chini zilizowekwa katika Sheria ya Makosa ya Kimapenzi zitaendelea kufuatwa, na hivyo kufunga njia ambayo wafungwa wengi walikuwa wameitegemea. Walioingia makubaliano rasmi ya kukiri na upande wa mashtaka, utaratibu ulioingizwa katika Sura ya 75 mwaka 2008, wana njia yao ya pekee: chini ya kifungu cha 137L wanaweza kuiomba mahakama ile ile iliyowahukumu ifute hatia kwa sababu ya ulaghai, shuruti au upotoshaji.

Jamaa wa mtu aliyefungwa kwa kukiri wanashauriwa waombe kwa maandishi nakala iliyothibitishwa ya kumbukumbu katika wiki ya kwanza, waitunze nakala ya barua yenyewe yenye mhuri wa kupokelewa, na waisome pamoja na wakili au taasisi ya msaada wa kisheria, wakitafuta lugha iliyotajwa, maneno yaliyoandikwa na maelezo yaliyosomwa. Mfungwa mwenyewe halazimiki kusubiri mtu wa nje, kwa sababu kifungu cha 351 kinamruhusu kukabidhi hati yake ya rufaa kwa mkuu wa gereza, naye mkuu huyo ana wajibu wa kuifikisha mahakamani.